Mungu anajuta au hajuti? Sura moja, aya tatu (1 Samweli 15). Karibuni kwa hoja

Msomaji Makini

Wakuu, salaam.

Naomba kwa leo tuache zile za "kitabu chako kina makosa, changu hakina". Nataka tukae na sura moja tu tuisome mpaka iishe: 1 Samweli 15. Nimeichagua kwa sababu swali zima la Mungu ni wa namna gani limo humo humo, huhitaji hata kulinganisha kitabu na kitabu.

Kisa kwa ufupi. Samweli anampelekea mfalme Sauli agizo la kuwaangamiza Waamaleki wote pamoja na mifugo yao. Sauli anakwenda, anashinda vita, lakini anamwacha hai Agagi mfalme wao, na kondoo na ng'ombe walionona wanaletwa nyumbani. Aya ya 11, Mungu anamwambia Samweli kwamba anajuta kumtawaza Sauli. Aya ya 29, Samweli anamwambia Sauli kwamba Mungu hasemi uongo wala hajuti, kwa kuwa yeye si mwanadamu hata ajute. Aya ya 35, ambayo ndiyo ya mwisho, msimulizi anafunga kwa kusema BWANA alijuta kumtawaza Sauli.

Anajuta, hajuti, akajuta. Ndani ya ukurasa mmoja.

Wapinzani wa Biblia wakifika hapa wanashangilia: kitabu kimejipinga, kazi imekwisha. Watetezi nao wanajibu haraka kwamba "kujuta" ni lugha ya kibinadamu tu, Mungu habadiliki. Mimi naona pande zote mbili zimekifunga kitabu mapema mno.

Anayesema mwandishi amejipinga anamfanya mwandishi kuwa mtu asiyekumbuka alichoandika juu kidogo. Hebu msome vizuri. Aya ya 13, Sauli anamlaki Samweli kwa furaha, anasema nimelitimiza agizo la BWANA. Samweli hamwambii "umekosa". Anamuuliza: kama ni hivyo, hawa kondoo ninaowasikia wakilia, na hawa ng'ombe, ni wa nini? Mtu anayeweza kumnasa mfalme kwa mlio wa kondoo hawezi kuwa amesahau kwamba aya kumi na nane juu ya aya ya 29, na aya sita chini yake, ameandika kinyume. Ameziweka pale kwa kujua.

Na anayesema aya ya 29 ndiyo kweli, ya 11 na ya 35 ni namna ya kusema tu, naomba anieleze amezipanga kwa kipimo gani. Aya ya 11 anayesema ni Mungu mwenyewe. Ya 35 ni msimulizi. Ya 29 ni Samweli, binadamu, tena aliyekasirika na kulia usiku kucha. Tukipima kwa uzito wa msemaji, aya ya 29 ndiyo nyepesi kuliko zote. Hata hivyo ndiyo inayopewa kiti cha hakimu.

Najua kuna wanaosema Samweli alikuwa anazungumzia hukumu ile tu: Sauli ameng'ang'ania vazi la Samweli likapasuka, anabembeleza uamuzi utenguliwe, naye anaambiwa hautatenguliwa. Kwa sehemu kubwa nakubali, kisa kinaelekea huko. Lakini sababu aliyoitoa Samweli haihusu hukumu ile peke yake. Anasema Mungu si mwanadamu. Hiyo ni kauli juu ya Mungu ni nani.

Msimamo wangu ni huu. Mungu wa maandiko ni Mungu anayejibu. Kisichobadilika kwake ni tabia yake, na kwa sababu tabia yake haibadiliki, anachokitenda hubadilika watu wanapobadilika. Yeremia 18:7-10 inalisema waziwazi, kwa pande zote mbili: taifa nililolitangazia mabaya likigeuka, nitaghairi mabaya, taifa nililolitangazia mema likiasi, nitaghairi mema. Na Yona 4:2 ndiyo inayonishika zaidi. Yona amekasirika kwa sababu Ninawi imesamehewa, na anapozitaja sifa za Mungu anaorodhesha: mwenye neema, mwenye huruma, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema, na mwenye kughairi mabaya. Kughairi kumo kwenye orodha ya sifa zake! Yoeli 2:13 ina orodha ileile. Kwa hao manabii, Mungu asiyeghairi angekuwa amepungukiwa kitu.

Wazo kwamba ukamilifu ni kutoguswa na chochote lina wazazi wengine, wanafalsafa wa Kigiriki wakina Aristotle. Sisemi ni wazo la kipuuzi. Nasema tusilitie mdomoni mwa manabii kabla hatujawasikiliza.

---

Mantiki Tu

Mkuu, asante kwa kuweka aya mezani. Mimi si muumini, na wengi humu mnanijua.

Sina shida na kumbukumbu ya mwandishi. Shida yangu ni tendo lenyewe. Mtu hujuta kwa njia mbili. Ama jambo limetokea tofauti na alivyotarajia, ama alijua tangu mwanzo kwamba ni baya akalifanya vilevile. Anayejua yote haingii kwenye ya kwanza. Akiingia kwenye ya pili, basi alimpaka Sauli mafuta akijua ataanguka, halafu akamhukumu kwa kuanguka. Chagua moja.

Na si sura hiyo pekee. Mwanzo 22:12, kisu kikiwa tayari mkononi mwa Ibrahimu, anaambiwa "sasa najua" kwamba unamcha Mungu. Sasa? Mwanzo 18:21, Mungu anashuka aone kama kilio kilichomfikia kuhusu Sodoma ni cha kweli, na kama sivyo, ajue. Huyo ni hakimu mzuri sana, anayechunguza kabla ya kuhukumu, lakini ni hakimu asiyejua bado.

Ukisoma bila kutanguliza fundisho la kanisa lolote, Mungu wa kurasa hizo anajifunza mambo. Kama ndiye huyo unayemwamini, sema. Nitakuheshimu zaidi kuliko wanaonihubiria anayejua yote huku wakinisomea anayeshuka kuchunguza.

---

Mama Tumaini

Mwanangu Mantiki Tu, njia ya tatu ipo. Mzazi anaweza kumpa kijana wake uhuru akijua kabisa kwamba atautumia vibaya, na siku ikifika roho ikamuuma kama vile hakujua. Kujua mapema hakuzuii maumivu. Waliouguza mgonjwa aliyekwisha kutabiriwa kufa wanajua hilo.

---

Mantiki Tu

Mama, nakuelewa na nakubali kuhusu huzuni. Ila aya haisemi Mungu alihuzunika kwa alichofanya Sauli. Inasema alijuta kumtawaza, yaani anaangalia kitendo chake mwenyewe. Mzazi wako yule anasikitika kwa kijana alivyoharibu. Akianza kusema "laiti nisingempa uhuru", hapo amekiri kwamba kumpa lilikuwa kosa.

---

Bin Tauhidi

Assalamu alaykum wote.

Kwa itikadi ya Kiislamu majuto hayanasibishwi na Mwenyezi Mungu, kwa sababu yanalazimu kwamba alikuwa hajui. Kwa hilo niko na Mantiki Tu. Lakini sitaligeuza kuwa fimbo ya kumchapia ndugu yangu Mkristo, kwa kuwa mwenye kuisoma Qur'ani kwa makini anajua umbo la tatizo hili lipo kwetu pia.

Surat Tawba aya ya 67: wanafiki walimsahau Mwenyezi Mungu, naye akawasahau. Surat Maryam aya ya 64: Mola wako si mwenye kusahau. Surat Taha aya ya 52, Nabii Musa anamwambia Firauni kwamba Mola wake hapotei wala hasahau. Amesahau, hasahau. Ni aya ya 11 na ya 29 zako, Msomaji Makini.

Wafasiri wetu wamesema kusahau kwa Tawba ni kuwaacha na kuwanyima rehema, adhabu inayofanana na kosa lao. Naikubali tafsiri hiyo. Ila tazama tulichokifanya: aya iliyo wazi tumeifanya hakimu juu ya aya yenye kutatiza. Na kanuni hiyo hatukuitunga, imo ndani ya Kitabu chenyewe, Al Imran aya ya 7: zipo aya muhkamati, zilizo wazi, ambazo ndizo msingi wa Kitabu, na nyingine mutashabihati, zenye kutatiza. Wewe umeuliza mwenye kuzipanga aya amezipanga kwa kipimo gani. Sisi kipimo tumepewa. Ninyi mmepewa wapi?

Hata hivyo, kupewa kipimo hakukumaliza mabishano. Ipi ni muhkamu na ipi ni mutashabihi, hapo ndipo umma ulipogawanyika. Chukua Mwenyezi Mungu kulingana juu ya Arshi, yaani kiti chake cha enzi: Muutazila, kundi la wanateolojia waliotanguliza akili, walisema ni mamlaka tu, hakuna kukaa. Imepokelewa kwa Imam Malik kwamba kulingana kunajulikana, namna yake haifahamiki, kuamini ni wajibu na kuulizia ni uzushi. Na mabishano hayo hayakubaki darasani. Mwaka 833 khalifa al-Ma'mun aliwatahini wanazuoni kwa nguvu ya dola wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa, na Imam Ahmad bin Hanbal akafungwa na kupigwa kwa kukataa. Watu wameumizwa kwa swali la namna ya sifa za Mungu, kwa hiyo tulijadili kwa uzito wake.

Nimalizie na Miraji, safari ya Mtume kupaa mbinguni, hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Mtume anafaradhishiwa sala 50. Anashuka, Nabii Musa anamwambia rudi kwa Mola wako, umati wako hawataweza. Anarudi, zinapunguzwa. Anashuka, anaambiwa rudi tena. Mpaka zinabaki tano. Hapo utasema huyu ni Mungu anayejibu, kama wa kwako. Lakini sikiliza neno la mwisho: hizo ni tano nazo ni hamsini, kauli kwangu haibadilishwi. Yaani tano kwa idadi, hamsini kwa malipo. Kupunguza kote kule, na bado kauli ni ileile. Mimi nikiulizwa mambo mawili haya yanakaaje pamoja, hadithi hiyo ndiyo jibu langu.

---

Msomaji Makini

Ustadh Bin Tauhidi, umeniongezea kitu. Hadithi hiyo inafanya ndani ya kisa kimoja kile ambacho sura yangu imekifanya kwa aya tatu: haifuti upande wowote. Kurudi kwa Mtume kulikuwa kurudi kweli, na kauli haikubadilika. Asingerudi, je? Ungesali mara ngapi?

Kuhusu kipimo: kwetu hakuna aya inayosema hizi ndizo msingi na hizi ni za kutatiza. Ndiyo maana nasema Mkristo anayempa Samweli kiti cha hakimu anatumia kipimo alicholeta kutoka nje.

---

Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba niutetee upande ambao Msomaji Makini ameupitia juujuu, maana si wa Aristotle peke yake. Malaki 3:6 inasema BWANA hana kigeugeu. Yakobo 1:17 inasema kwake hakuna kubadilika wala kivuli cha kugeukageuka. Hizo hazikutoka Athene kwa wanafalsafa.

Mtakatifu Thomas Aquinas aliligusa swali hili hili, akatofautisha mambo mawili: kubadili mapenzi ni jambo moja, kutaka mabadiliko yawepo ni jambo jingine. Mtu anaweza, kwa nia moja isiyoyumba, kutaka hiki kifanyike leo na kinyume chake kesho. Mungu alitaka Sauli atawale kwa muda na aondolewe baadaye, na mapenzi hayo ni mamoja. Kinachobadilika ni Sauli.

Na kuhusu sala alisema hatusali ili kugeuza mpango wa Mungu, tunasali ili tuyapate yale ambayo Mungu amepanga yapatikane kwa sala. Sala ni sababu halisi, imo ndani ya mpango, kama vile mbegu ilivyo sababu ya mmea. Kwa hiyo Ustadh akiulizwa "asingerudi je?", jibu ni kwamba kurudi kwenyewe kulikuwa sehemu ya kilichopangwa.

Kuhusu "alijua mapema": Boethius, aliyeandika akiwa kifungoni akingoja kuuawa katika karne ya 6, alieleza kwamba Mungu hayatazami mambo kutoka jana. Umilele wake ni kuwa na uhai wote kwa pamoja. Anakuona ukitenda, hakutangulii. Mimi nikikuona umekaa, kukuona kwangu hakukulazimishi ukae.

---

Mantiki Tu

Mwalimu Katekista, hiyo ndiyo hoja bora ya upande wako na umeieleza vizuri. Lakini angalia inachokula. Mungu aliye nje ya wakati kabisa hawezi kusema "nitafanya", hawezi kungoja, hawezi kujibu, kwa kuwa kujibu ni kuja baada ya swali. Ukimlinda Mungu asibadilike namna hiyo, unabaki na mpango, na kwenye mpango hakuna wa kuzungumza naye.

Na Bin Tauhidi, ninyi mna hatari nyingine. Ash-Shura aya ya 11, hapana kitu mfano wake. Vizuri. Maimonides kwa upande wa Wayahudi alikwenda mbali zaidi, akasema sifa za Mungu tuzieleze kwa kukanusha tu: si mjinga, si dhaifu. Lakini rehema yake isipofanana kwa lolote na rehema ninayoijua, ukiniambia ni mwenye rehema hujaniambia kitu. Siwezi kukubali wala kukataa. Mnakimbia kumfananisha, mnaishia kutosema chochote.

Bado hakuna aliyenijibu kuhusu kumtawaza mtu unayejua ataanguka.

---

Bin Tauhidi

Hilo la kufananisha na kukanusha ni la haki, na ndiyo sababu wanazuoni walio wengi hawakukubali kukanusha tupu. Sifa zinathibitishwa, namna yake haisemwi. Rehema ni rehema kweli. Najua hutaridhika, lakini kati ya "sawa na yetu" na "haina maana" ipo nafasi, na hata wewe unaitumia unaposema mbwa ana akili.

Kuhusu kujua mapema, swali lako ni la zamani na sisi tunalo kwa sura kali zaidi. Inasimuliwa kwamba Abul Hasan al-Ash'ari alimuuliza mwalimu wake al-Jubbai wa Muutazila kuhusu ndugu watatu: mmoja amekufa mwema, mmoja muovu, mmoja mtoto. Mwema yuko peponi, muovu motoni, mtoto amesalimika tu. Mtoto akiuliza kwa nini sikuachwa nikue nipate daraja ya ndugu yangu? Jubbai akajibu: ataambiwa nilijua ukikua utaasi, nikakuchukua kwa maslahi yako. Ash'ari akasema: basi yule wa motoni atapiga kelele, Mola wangu, ulijua na mimi nitaasi, mbona hukunichukua mdogo? Jubbai akanyamaza, na Ash'ari akaliacha kundi lake.

Funzo ambalo Ash'ari alilichukua hapo ni kwamba Mwenyezi Mungu hafungwi na kipimo chetu cha maslahi. Hatuwezi kumwekea wajibu.

Na kabla hajaja mtu na lile la "je, anaweza kuumba jiwe asiloweza kulibeba", wanaosoma sifa ishirini za Mwenyezi Mungu wanajua: uwezo unahusiana na yanayowezekana, hauhusiani na muhali, yaani yasiyowezekana kabisa. Jiwe hilo si kitu, ni maneno yaliyogongana. Tusipoteze muda hapo.

---

Mantiki Tu

Ustadh, kisa hicho ni kikali kuliko chochote nilichowahi kuandika mimi. Lakini jibu la Ash'ari linamtoa Mungu kwenye kesi kwa kufuta sheria. Kama hakuna kipimo chetu kinachomhusu, tunaposema ni mwadilifu tunapima kwa nini?

---

Msomaji Makini

Hapo ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu Biblia ina mtu aliyeuliza swali la Mantiki Tu usoni pa Mungu na hakukemewa. Mwanzo 18:25, Ibrahimu: Mhukumu wa dunia yote, hatatenda haki? Hakusema "haki yako siijui". Alichukua haki aliyokuwa anaijua yeye, ile inayosema mwema asiuawe pamoja na mwovu, akamshika nayo Mungu. Akaanza na 50, akateremka 45, 40, 30, 20, mpaka 10. Kila hatua anakubaliwa. Ustadh anaona mfanano na Miraji.

Musa naye, Kutoka 32. Mungu anasema niache, niwaangamize. Musa haachi. Anamkumbusha Mungu kiapo chake, anamwambia Wamisri watasemaje. Aya ya 14: BWANA akaghairi. Mwalimu Katekista, najua utasema kusihi kwa Musa kulikuwa ndani ya mpango. Kimantiki sina namna ya kukuzuia, fundisho hilo linaweza kumeza aya yoyote. Ndiyo shida yangu nalo. Aya ingeandikwaje ili ikukatalie? Kama hata "akaghairi" haitoshi, hakuna maneno ambayo nabii angeyatumia ukamsikia.

Mnajua Ayubu. Watu huwa wanakumbuka subira yake, na subira iko sura mbili za mwanzo tu. Kuanzia sura ya 3 mtu huyo analalamika, anadai kesi yake isikilizwe, anasema Mungu amemwonea. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari wanamtetea Mungu kwa hoja nadhifu: Mungu ni mwenye haki, wewe unateseka, kwa hiyo umekosa. Mantiki haina tundu. Ayubu 13:7 anawauliza kama watasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu, na kutumia hila kumtetea. Na mwisho, 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama Ayubu alivyonena. Watetezi wamekemewa. Mlalamikaji amepewa haki.

Nikiisoma aya hiyo naogopa kumtetea Mungu kwa hoja ambayo mimi mwenyewe naiona ina ufa.

Kwa hiyo, Mantiki Tu, nakujibu moja kwa moja kama ulivyoniomba. Naamini Mungu anajua yote yaliyopo ili yajulikane. Uamuzi ambao mtu huru bado hajaufanya sioni kama upo tayari mahali fulani ukisubiri kuonekana. Alijua Sauli anaweza kuanguka, na alijua anaweza kusimama. 1 Samweli 13:13 inasema ufalme wake ungethibitishwa milele angetii, na mimi naiamini ahadi hiyo kuwa ilikuwa ahadi ya kweli. Kama kuanguka kwake kulishajulikana kwa hakika, sentensi hiyo ni maneno matupu. Mwaka 1994 wanateolojia watano, Clark Pinnock akiwa mmojawao, waliandika kitabu kutetea msimamo wa namna hii, na wenzao wengi wa kiinjili waliwapinga vikali. Najua ninaposimama si mahali pa raha.

---

Katekista

Ndugu, nakuheshimu kwa kusema wazi. Ila umenunua majuto ya Mungu ya 1 Samweli 15 kwa bei kubwa. Yesu anamwambia Petro kabla jogoo hajawika utanikana mara tatu. Huo ni uamuzi wa mtu huru, na umejulikana kwa hesabu. Hapo utasomaje?

---

Msomaji Makini

Hiyo ndiyo aya ngumu kuliko zote kwa upande wangu, Mwalimu. Nasoma kwamba Bwana alimjua Petro kuliko Petro alivyojijua, na ya kwamba usiku ule hofu ingemkuta palepale alipo dhaifu. Hesabu ya mara tatu inabaki kunisumbua, na sitaitengenezea njia ya mkato.

---

Mantiki Tu

Wakuu, tumejadili kama Mungu anajuta kumtawaza Sauli. Sasa rudini aya ya 3 ya sura hiyo hiyo. Agizo ni kuua mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye. Sababu imetolewa aya ya 2: walichowafanyia Waisraeli walipotoka Misri, yaani vizazi vingi kabla ya yeyote kati ya hao watoto kuzaliwa. Sauli anakataliwa kwa kuacha kondoo na mfalme mmoja. Katika sura nzima, majuto ya Mungu ni juu ya mfalme asiyemaliza kazi. Juu ya wanyonyao hakuna neno.

Msomaji Makini, umesema unaogopa kutetea kwa hoja yenye ufa. Itetee hii.

---

Mama Tumaini

Huwa nairuka aya hiyo. Nasema kweli. Hata wanaohubiri sura hiyo wanahubiri "kutii ni bora kuliko dhabihu", aya ya 22, wanafunga kitabu.

---

Msomaji Makini

Siitetei.

Nimezisikia hoja zote. Kwamba watoto wale wangekua waovu: hiyo ni hoja ya Jubbai, na Ustadh ametuonyesha ilivyoanguka. Kwamba ni lugha ya vita ya zamani iliyotiwa chumvi, hawakuuawa wote: kweli Waamaleki wanatokea tena 1 Samweli 27 na 30, kwa hiyo hoja hiyo ina kitu, lakini agizo linabaki agizo hata likitekelezwa nusu. Kwamba Mungu ndiye mwenye uhai na anautwaa atakavyo: basi Ibrahimu alikosea kuuliza, na hakuna mahali alipoambiwa amekosea.

Kuna kitu nakiona katika sura hii. Mwanzo 18 ina mtu anayewaombea Wasodoma. Kutoka 32 ina mtu anayewaombea waabudu ndama. Hapa Samweli analia usiku kucha, na anayemlilia ni Sauli. Hakuna aliyesimama kwa ajili ya anyonyaye, wala hakuna aliyeuliza swali la Ibrahimu.

Na maandiko yenyewe yana sheria ya kumhukumu aliyenyamaza. Kumbukumbu la Torati 24:16: baba wasiuawe kwa ajili ya watoto, wala watoto wasiuawe kwa ajili ya baba zao. Si pambo. 2 Wafalme 14:6 inaeleza mfalme Amazia alipowaua waliomuua baba yake aliwaacha watoto wao hai, na inataja kwamba alifanya hivyo kwa kuifuata sheria hiyo. Ezekieli 18 inatumia sura nzima kusema jambo hilo hilo.

Bin Tauhidi uliniuliza kipimo tumepewa wapi. Hicho ndicho ninachokishika. Anayeona 1 Samweli 15:3 haina tatizo aanze kunieleza Kumbukumbu 24:16 inafanya nini ndani ya Biblia yake.

---

Bin Tauhidi

Kwetu ni Al-An'am aya ya 164, hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Kwa aya hiyo tuko pamoja. Ila nakudai: ukikishika kipimo hicho, umeshaifanya aya moja kuwa hakimu juu ya nyingine, kama sisi. Tofauti iliyobaki kati yetu ni nani aliyekuruhusu kuichagua. Hilo nalitaka nijibiwe.

---

Msomaji Makini

Ustadh, ni kweli nimechagua. Ruhusa naiona kwenye Mwanzo 18 yenyewe: Mungu anasema aya ya 17 hatamficha Ibrahimu analotaka kufanya, na aya ya 19 anatoa sababu, kwamba amemchagua ili awafundishe watu wake kutenda haki na hukumu. Anamwambia kwa sababu anataka aulizwe. Kama wewe unaisoma aya ya 19 kwa namna nyingine, ilete tuisome.